Steki Laini Zisizo na Firigisi

Marafiki, leo mgeni wangu amekula steki tatu kisha akatangaza kwamba hajala.

Mgeni ni baba yake Nafula, binti ninayekusudia kumwoa. Alifika kwangu Shieywe saa saba mchana, akiwa na Nafula, kunipima. Akiridhika, wazee wetu wangekutana.

Nilijiandaa kisomi. Nilizipondaponda steki nne za nguruwe kwa chupa, nikazitia chumvi na kitunguu saumu mapema, nikazikaanga kwa moto mkali, kisha nikaziacha zipumzike dakika tano.

(Ndiyo, nyama hupumzika. Sikusomea shahada bure.)

“Kijana, hii ni laini,” alisema Mzee. “Magego yangu leo yako likizo.”

Nilimtazama Nafula kwa ushindi.

Hapo Mzee akanawa mikono upya, akaukazia macho mlango wa jikoni.

“Haya, sasa leta chakula.”

“Mzee, hicho ndicho chakula chenyewe.”

“Ingokho iko wapi? Mkwe anakulanga kuku, na firigisi ni yake. Ama nguruwe yako iko na firigisi?”

Nafula, wakili wangu wa pekee, alicheka mpaka akapaliwa.

“Nikifika Malava wataniuliza nililishwa nini,” Mzee akaendelea. “Niseme nililala njaa?”

Ninaandika haya nyuma ya nyumba, nikimnyonyoa kuku wa jirani. Waliosomea mapishi, niteteeni hapa chini.

Mzee yuko kochini. Anaimalizia steki ya nne huku akisubiri kuanza kula.