Besi Niliyoing'oa Vyuma

Niliing'oa vyuma besi ya kwaya. Nalisema mapema ili asije mtu kunisemea. Haikuanguka, haikuibiwa, haikunyeshewa. Nilikaa kitandani Jumamosi mchana na akili zangu zote, yaani zile zilizokuwepo siku hiyo, nikashika koleo la kung'olea misumari, nikavitoa kimoja kimoja vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Vyote ishirini. Kila kimoja kilitoka na kipande cha mbao. Nilipofika cha saba nilishajua nakosea. Nikaendelea, kwa sababu niliona besi yenye vyuma kumi na vitatu ni aibu kubwa kuliko isiyo na hata kimoja.

Aliyenitia wazimu ni mtu mmoja kwenye simu, sijui wa nchi gani, aliyekuwa akipiga besi isiyo na vyuma. Sauti ilikuwa inateleza kutoka noti moja hadi nyingine kama mtu anayelalamika kwa adabu. Megabaiti zangu zikaisha kabla hajafika pale anapoeleza namna ya kuvitoa bila kuua mbao. Nikaona hayo mengine nitayakisia.

Niseme pia kwa nini besi ya kwaya ilikuwa kitandani kwangu. Ninaishi mtaa wa Mutanga Sud, chumba na sebule nyuma ya nyumba kubwa, jirani na chuo kikuu. Kazi yangu ni kuwachapia wanafunzi memwari zao, yale maandishi marefu ya kumalizia chuo, kwenye kompyuta, hapo hapo nyumbani. Wateja wanakuja wenyewe, mkate unapita mlangoni, na mimi sina ugomvi na mpango huo. Kwaya haikunikabidhi besi kwa sababu ya ufundi. Walisema wazi kwenye kikao: yule haendi popote, mwizi itabidi amruke. Hivyo duniani nilikuwa na viti viwili tu, kimoja mbele ya kompyuta, kingine kanisani upande wa kushoto wa kinanda. Hicho cha pili ndicho nilichokuwa nakivunja kwa koleo.

Wala haikuwa operesheni ya kwanza. Ile besi nilikuwa nimeifanyia mengi kwa miaka sita. Ndani ya tumbo lake nilibandika karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, nilizookota maana sivuti, ili kuzuia ule mlio wa nyuki unaotoka kwenye spika. Huo ulikuwa ufundi wa kweli, mlio ulipungua. Chini ya nyuzi, karibu na mkia, niliweka kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, sauti ikawa fupi na nene kama ya ngoma. Hilo pia nalitetea hadi leo. Lakini halafu nikaongeza kitufe cha tatu cha kuzungusha, kizuri, cheusi, ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote. Mpiga kinanda akilalamika, "We, besi iko juu sana," nilikuwa nakizungusha kidogo, naye anasema, "Aaa, apo sawa."

Ukweli wenyewe ni kwamba kitufe kile nilikitengeneza kwa sababu sikujua muziki. Nilijua nyimbo, jambo jingine kabisa. Kila wimbo niliusikiliza kwenye simu mpaka nikapata mahali pa vidole, kisha nikaandika kwenye daftari: uzi wa kwanza, chuma cha tatu, mara nne, uzi wa pili, chuma cha tatu, mara mbili. Mtu akisema, "Tupandishe, tuanzie fa," mimi nilikuwa nainama ghafla kutazama waya. "Waya umelegea," nasema. Nao walinisubiri, watu wema, huku nikigusagusa waya mzima kabisa. Na nyumbani nilikuwa bingwa wa kubishana: kusoma noti ni kwa wasio na masikio, nilisema. Wanafunzi niliokuwa nawachapia walikubali, maana memwari zao zilikuwa bado mikononi mwangu.

Sasa fikiria mtu anayehesabu vyuma, ameng'oa vyuma. Jumamosi ile ile nilifungua daftari, nikasoma "chuma cha tatu", nikatazama shingo. Ilikuwa tupu na yenye makovu.

Harusi ya msichana mmoja wa sauti ya kwanza ilikuwa imebaki wiki mbili, na besi ilikuwa hiyo moja tu.

Jumatatu nikaibeba mgongoni kwenda mtaa wa Buyenzi. Mafuta hayakuwepo mjini wiki ile, kwa hiyo nilitembea, mimi ninayechoka kufika getini. Nilimwendea mzee mmoja wa ukoo wa Kiarabu, ambaye familia yake imeuza redio tangu zamani, na siku hizi yeye anatengeneza zile zilizouzwa. Aliilaza besi mezani juu ya kitambaa, akaifungua, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Astaghfirullah. Nani alimufanyia hivi?"

"Ni mi, baba."

"Kwa kutaka?"

"Kwa kutaka."

Akaniomba vyuma. Nikamwaga bahasha mezani. Akachukua kimoja, kilichopinda kama kucha ya kuku. "Hivi vimekwisha kufa, kijana wangu. Mi sifufui." Lakini hakunifukuza. Kwa siku mbili alijaza mianya kwa vijiti vyembamba vya mbao nyeupe, gundi, kisha msasa, taratibu, akinilazimisha nishike taa na kunywa chai yake ya tangawizi. Alipomaliza, shingo ilikuwa laini kama meza ya zamani, na pale vilipokuwa vyuma kulikuwa na mistari myeupe.

"Nimekuachia mistari ujue milango iko wapi," alisema. "Lakini zamani chuma kilikuwa kinakusaidia. Sasa kidole kikikosa kidogo tu, kila mutu anasikia. Haya, nipigie noti ya la."

Nikatazama nyuzi. "La ipi, baba?"

"Unazo ngapi?"

"Tatu," nikasema, kwa kubahatisha.

"Unapiga tangu lini?"

"Mwaka wa sita."

"Alhamdulillahi," alisema, kwa sauti ile ambayo watu hutumia kumpa pole mfiwa. Kisha akaugusa uzi wa pili kwa ukucha, bila kubana popote. "La ndiyo hii. Iko hapa hata ukilala."

Nilitembea kurudi Mutanga nikiimba hiyo la njia nzima, kwa woga wa kuiacha Buyenzi.

Jumatano kwenye mazoezi ya kwaya nilikiri. Kiongozi wetu ni mama mmoja anayefundisha hesabu shule ya msingi, na wote tunamwita Mwalimu hata wale wanaomzidi umri. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole juu ya shingo ya besi kama anayekagua vumbi.

"Kuna mwanafunzi pale kampasi," alisema, "anasoma noti kama gazeti. Ila yuko kwenye mitihani. Harusi hii utapiga we. Kisha besi inaingia stoo ya kanisa, na kwenye kiti anakaa yeye. Wakubwa wa kwaya wameshasema hivyo."

"Na mimi, Mwalimu?"

"We si unapenda nyumbani?"

Ilinichoma kuliko matusi, kwa sababu ilikuwa kweli. Napenda nyumbani. Lakini nyumba inapendeza kwa mtu anayejua kwamba Jumapili atatoka. Nikamwomba anifundishe. Nilitumia neno hilo hilo, nifundishe, mbele ya sauti zote nne, na sauti ya tatu ikacheka.

Alikuja kwangu siku saba zile zilizobaki za kazi, saa kumi na moja akitoka shule, chaki bado kwenye vidole. Alikaa karibu na mlango, mlango wazi, upande wa pili wa ukuta mashine ya jirani yangu ikikimbia. Jirani huyo ni mama mshonaji, na wiki hizo alikuwa anawashonea nusu ya wageni wa harusi hiyo hiyo mavazi yao.

Siku ya kwanza Mwalimu hakuniruhusu kugusa besi. "Ilaze. Imba do."

"Mi sina sauti, Mwalimu."

"Sikukuomba sauti. Nimekuomba do."

Nikaimba. Mashine ya jirani ikasimama. Nikaimba tena, ikaendelea, polepole, kama mtu anayesikiliza kwa mguu.

Kanuni yake ilikuwa moja: mdomo kwanza, kidole baadaye. Usiweke kidole mahali ambapo hujapaimba. Siku ya tatu akanipa besi, akaniambia nianze popote ninapotaka, popote hapo ndipo nyumbani, ndiyo moja. Kisha akainua vidole vinne.

Nikamtazama.

"Nne," akasema. "Kutoka nyumbani hesabu hatua nne."

Ndipo nilipoelewa. Kwa miaka sita yule mama alikuwa amesimama mbele yetu akinionyesha vidole wakati wa kuimba. Kimoja, vinne, vitano, kimoja. Mimi niliamini anatuhesabia beti. Kweli nilijiuliza mara chache kwa nini wimbo wa beti tatu unafika ubeti wa tano kisha unarudi wa kwanza, nikaona labda ni mambo ya Roho, si ya kuulizwa.

Nilimwambia. Sikupaswa, lakini nilimwambia. Mwalimu alifunika uso kwa mikono yenye chaki. Mabega yalitikisika. Alipoondoa mikono, uso ulikuwa mweupe mashavuni, na macho yana machozi.

"Miaka sita," alisema, "nilikuwa nadhani unanidharau. Naonyesha nne, we unanikubalia kwa kichwa, unapiga unavyotaka. Nilikuwa narudi nyumbani namwambia mume wangu, yule ana kiburi."

"Nilikuwa nakubali kwamba tumefika ubeti wa nne, Mwalimu."

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta kwa mkasi. Sijui kama mtu anahitaji kusoma noti ndipo apige besi. Mimi hata leo karatasi ya noti naiona kama nyaya za umeme walikotua ndege. Lakini anahitaji kujua mwenzake anamwambia nini. Hesabu ile ya moja, nne, tano nilipewa bure, kila Jumapili, na mtu aliyedhani namdharau na bado hakuacha kuninyooshea vidole. Ninaposhukuru, naanzia hapo.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Nyimbo tulizozifanyia mazoezi zilipita vizuri, au zilipita. Kisha, maharusi walipokwisha kuvalishana pete, bibi wa bwana harusi, mama mzee aliyeshuka kutoka milimani, akasimama bila kuitwa, akaanza wimbo wake wa kushukuru. Kwetu hakuna anayemwuliza mzee anaanzia wapi. Anaanza, na wenye vyombo wanamtafuta.

Mpiga kinanda akagusa fa, akakunja uso. Akagusa fa dieze, nusu hatua juu yake, akakunja zaidi. Bibi alikuwa katikati, mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo. Mpiga kinanda akaweka mikono magotini, akanitazama. Mwanafunzi wa kampasi alikuwa amemaliza mitihani. Nilimwona benchi la tatu, anasubiri kuona kiti chake. Nikatafuta kwa macho waya wa kugusa. Kisha nikaona Mwalimu ameinua kidole kimoja.

Niliiimba sauti ya yule bibi. Nikaweka kidole kwenye mstari, kikawa chini ya sauti yake. Nikakitelezesha juu, nusu ya upana wa ukucha, kati ya mistari miwili, na pale kikakaa. Kanisa likanguruma kidogo chini ya miguu ya mama mzee. Hakunitazama hata, aliendelea tu, lakini kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyepewa kiti. Vinne, nikaenda. Vitano, nikapitiliza, nikarudi. Ubeti wa mwisho nilipotea kabisa, kisha nikaokotwa na vidole vya Mwalimu. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakacheza mpaka padri akaketi kusubiri.

Baadaye, nje, nilimpelekea Mwalimu besi ikiwa kwenye mfuko wake, tayari kwa stoo. Alikuwa anazungumza na yule mwanafunzi. Akautazama mfuko, akanitazama.

"Unanipa ya nini? Rudi nayo, wakubwa wamekusikia. Huyu atakuja kwako Jumanne, umuonyeshe lile jambo la katikati, halimo kwenye karatasi zake. Jumapili ni saa mbili, usichelewe."

Nilisema asante mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima. Kwa mzee wa Buyenzi pia nimekwisha kupita, kwa miguu, nikampigia la bila kubahatisha. Akasema, "Hiyo moja. Bado nyingine," akamimina chai.

Lakini siku ile ya harusi nilifika nyumbani jua bado liko juu, besi mgongoni, nimejaa fahari kama niliyechaguliwa. Jirani mshonaji alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amekaa mlangoni pake, viatu vya harusi amevivua, miguu ndani ya beseni la maji. Aliuona mfuko.

"Wamekuachia?"

"Wameniachia, mama."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akachezesha vidole vya miguu majini.

"Gitaa wamefanya vizuri kukuachia. Lakini ulikuwa unaimba kwa sauti muda wote, jirani, tumekusikia mpaka nje kwenye magari, na unaimba vibaya."