Kabari ya Baba

Mimi ni mtu wa haraka. Hata nikiwa nimekaa, mguu unacheza. Baba alilijua hilo, ndiyo maana alichelewa kunikabidhi gari lake, na magoti yalipomlazimisha, bado hakukabidhi moja kwa moja. Kila safari alipanda, akakaa kando yangu na kabari ya mti mapajani, akinisahihisha kona hadi kona.

Gari lenyewe limenizidi umri. Magurudumu yake yote manne yanavuta. Baba alilikata mgongo, akaweka kitanda cha mbao nyuma na winchi mbele, likawa la kutoa magogo makorongoni ambako lori halifiki. Lina tabia moja: breki yake ya mkono haishiki magurudumu, inashika propela, ule mhimili wa chini unaozungusha magurudumu. Ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, tairi hilo linazunguka bure, na breki ni kama haipo. Kwa hiyo kabla ya jeki, kabari chini ya tairi lingine. Nimeambiwa hivyo tangu utotoni, na nilikuwa nimechoka kuambiwa.

Halafu kulikuwa na wenye miti wa Mgwashi. Walikuwa hawajaamua kama watampa mwanamke kazi ya kutoa magogo yao. Kosa moja lingetosha waniache, na mimi kazi nyingine sina, wala siitaki. Usingizi ulikuwa umenipaa kwa ajili yao.

Siku ya safari ya majaribio tulikuwa tunapanda na magogo matatu, mvua imetoka kukatika, tairi la nyuma likapata pancha.

"Weka kabari kwanza," baba alisema, akininyooshea.

"Najua, baba."

"Unajua, lakini hujaweka."

Jibu hilo lilinikera. Wenye miti walikuwa wanatusubiri juu, na yeye kushuka hawezi, kazi yake kuamuru tu. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, nikaingiza jeki, nikapampu.

Tairi lilipoachana na ardhi, gari likarudi nyuma. Likaporomoka kutoka kwenye jeki, likateleza kwenye tope kuelekea bondeni. Nilimwona baba akijitupa kwenye kiti cha dereva, magoti yake yale yale, akakata usukani. Gari likageuka, likajigonga kwenye ukingo wa upande wa mlima, likasimama.

Nilimwita mara tatu kabla hajajibu.

"Niko mzima. Acha kelele."

Wenye miti waliusikia mshindo, wakateremka mbio. Walimkuta kwenye usukani, paji la uso linavuja damu.

"Shikamoo, mzee. Kulikoni?"

"Marahaba. Nilikuwa naendesha mimi. Nikabadilisha tairi bila kuweka kabari. Binti yangu alinikumbusha, nikawa mbishi."

Walitazamana. Mmoja wao, wa rika langu, akaanza kumweleza kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba sasa apumzike, amwachie binti, binti anaonekana makini. Baba alitikisa kichwa kukubali, yeye aliyetoa magogo makorongoni humo maisha yake yote bila gari kumponyoka hata siku moja.

"Ni kweli, wanangu," alisema. "Nimezeeka."

Wakanigeukia, wakingoja niseme neno. Niliichukua kabari, nikaiweka chini ya tairi. Kesho yake wakanipa kazi.