Mwachie Kidogo, Mama

Hasira zangu ziko karibu, hilo sikatai. Nilipopangiwa kazi ya uuguzi kwenye kituo cha afya huku Hanang, nikitokea Morogoro, mtu wa kwanza kunigombeza alikuwa mhudumu wetu, mama mtu mzima wa Endagikot, kule Mbulu. Kosa langu ni kwamba nilikuwa namuuliza mgonjwa anaumwa nini kabla ya kumsalimia. Akaniambia wazi kuwa mtu mzima wa huku asiposalimiwa hasikii; utamweleza dawa zote za duniani naye atakutazama tu. Mimi niliona ananipotezea muda. Foleni ilikuwa mpaka nje, na shikamoo ya huku haiishii kwenye marahaba, inataka habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua.

Asubuhi moja wakaja mzee na mkewe, wafugaji wa upande wa Gehandu. Mzee alisema moyo unamkimbia tangu jana, unatulia kidogo, halafu unakimbia tena. Mganga mfawidhi alikuwa kikaoni Katesh, kwa hiyo nilikuwa mimi na mhudumu tu. Nikamlaza, nikashika mkono wake, nikakuta mapigo yanaruka ruka bila mpangilio. Nikageuka kuchukua mashine ya presha. Niliporudisha uso kwake, macho yamepanda juu, mdomo uko wazi, hapumui. Nikagusa shingo. Hakuna kitu.

Niseme ukweli, niliogopa. Chuoni tulifanya mazoezi kwenye sanamu ya plastiki, na sanamu haina mke aliyekaa pembeni. Lakini mikono iliikumbuka kazi yake. Tukamshusha mzee sakafuni, nikaanza kumkandamiza kifua kwa nguvu, nikihesabu kwa sauti, huku mhudumu akikimbilia kabatini kuleta mashine ya kushtua moyo. Ile mashine tulikuwa tunaifuta vumbi kila Jumatatu na hatukuwahi kuitumia hata siku moja. Tukamfungua shati, tukabandika vile vibandiko viwili kama picha zilivyoonyesha. Mashine ikapima, ikasema kwa Kiingereza kwamba mshtuko unahitajika na mtu yeyote asimguse mgonjwa. Kitufe kikaanza kuwaka na kuzima.

Mkewe alikuwa amepiga magoti upande wa pili, ameushika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, bangili za shaba zimejaa mpaka karibu na kiwiko. Nikibonyeza hapo, umeme utampata na yeye.

"Toa mikono," nikafoka. "Achia!"

Hakunitazama. Nikafoka tena, ndiyo kwanza akakaza. Kwake yeye, binti mmoja asiye na adabu alikuwa anataka kumnyang'anya mume, basi. Nilijua mashine haitasubiri sana, na muda wote ambao sikuwa nakandamiza kifua, damu haikuwa inafika kwenye ubongo wa mzee. Nikafikiria kumvuta kwa nguvu. Lakini ile ilikuwa mikono iliyokamua ng'ombe tangu utotoni, nisingeiweza.

Mhudumu akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nilitamani kumrushia kiatu.

Yule mama akageuza uso, akamwangalia. "Marahaba," akajibu kwa sauti ya chini.

"Mama, mwachie kidogo. Hatumchukui, tunamrudisha."

"Nikimwachia ataenda."

"Hataenda. Shika mimi."

Akamwachia. Akaikamata mikono ya mhudumu, wakasogea nyuma pamoja, na mimi nikabonyeza.

Mwili wa mzee ukaruka, ukatulia. Nikarudi kifuani kwake, nikaendelea kukandamiza, jasho linanidondoka mpaka kwenye mikono yangu mwenyewe. Zile dakika mbili za kukandamiza zilikuwa ndefu kuliko zamu nzima. Mashine ikaniamuru niache ili ipime tena, kisha ikasema mshtuko hauhitajiki. Nikaweka vidole shingoni na kuzuia pumzi yangu.

Kulikuwa na mapigo. Dhaifu, lakini yanafuatana, moja baada ya jingine. Halafu mzee akavuta pumzi kwa mkoromo mbaya kabisa, na mimi nikauona mkoromo mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Nikalia mbele ya wagonjwa waliojazana mlangoni, wala sikuona aibu. Nimeolewa, nimezaa, nimefaulu mitihani niliyodhani nitafeli, lakini furaha ya namna ile sikuwahi kuipata. Mhudumu alikuwa bado amekaa sakafuni, amekumbatiana na yule mama, wote wawili wanacheka na kulia kwa pamoja. Nikaenda kupiga simu hospitali watuletee gari la wagonjwa.

Gari lilikuwa bado njiani mzee alipofungua macho. Akaangalia dari, akamwangalia mkewe kwa muda mrefu. Kisha akajigusa kifua na kukunja uso.

"Nani amenipiga?" akauliza.

Mkewe akainua mkono, bangili zikalia, akaninyooshea kidole bila huruma.

"Huyu," akasema. "Amekupiga sana."

"Ni mimi, baba," nikasema, na sijawahi kukiri kosa kwa furaha kiasi kile.