Serikali ilisitisha utafiti wetu Gitting, bibi zetu wakagoma kusitishwa

Wakuu, habari za mchana. Mlionizidi umri, shikamooni.

Hiki kilinikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Mimi ni mwenyeji wa Lindi. Nimesoma sosholojia, kozi ambayo ukiitaja ukweni wanakuonea huruma. Mungu si Athumani, nikapata kazi ya mtafiti msaidizi kwenye mradi wenye ruzuku ya serikali, Mbulu na Hanang. Tulichunguza maisha ya wazee wanaobaki peke yao watoto wakihamia mijini. Wenzangu walipangiwa Daudi na Dirma, mimi Gitting.

Ile baridi jamani! Masweta mawili na khanga juu, utadhani nimetoka leba.

Kila Alhamisi tulikaa na kina bibi nyumbani kwa Bibi Veronika, mjane anayelima ngano na maharage. Sisi tuliita focus group. Yeye aliita kikao cha maswali.

Mwanzoni majibu yalikuwa ya adabu tu. "Tunamshukuru Mungu." Basi.

Siku moja nikauliza, ukiumwa, nani anajua wa kwanza?

Bibi Veronika akasema, "Mbwa."

Tulicheka sana. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Kuanzia hapo wakafunguka. Wawili ni majirani, wametenganishwa na ua wa minyaa tu, na miaka yote kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayeogopa giza likiingia. Nilikuwa naandika huku nimeng'ata mdomo.

Basi wakuu, ndipo mkuu wa mradi akanipigia. Tunamwita Daktari, mama mmoja mchapakazi kweli. Awamu ya pili haipati fedha. Kamati ya ruzuku imeweka mbele tafiti zenye bidhaa ya kuonyesha.

"Wameniuliza upweke unapimwa kwa kilo au kwa lita," akasema. Akajaribu kucheka.

Siwalaumu sana. Nchi ina mahitaji mengi. Lakini iliniuma, maana gari la mradi liliondolewa haraka na sikuaga.

Nilipopata nafasi nikapanda basi hadi Katesh, kisha bodaboda, na sukari yangu mkononi, nikaombe radhi. Nilichagua Alhamisi kwa mazoea tu.

Nafika uani, nawakuta wamekaa. Tena wameongezeka! Nyungo mapajani, wanachambua maharage.

"Shikamooni bibi zangu."

"Marahaba. Umechelewa, tumeshaanza," akasema Bibi Veronika.

"Mmeanza nini?"

"Kikao."

Nikaeleza kwa aibu kwamba mradi umefungwa, serikali haikutoa fedha.

"Tulisikia. Kwani kuulizana hali kunalipiwa?" Kisha akapunguza sauti. "Ila mngekuwa hamkuja, mwanangu, nani angeanza kutuuliza?"

Wakanieleza utaratibu wao. Asubuhi moshi usipoonekana jikoni kwako, jirani anakuja. Ndivyo walivyomkuta Bibi Magdalena ameanguka na homa kali, wakambeba hadi zahanati. Na huyo hapo mbele yangu, anachagua mawe kwenye maharage na kulalamika kwamba chai haina sukari.

Nikadhani nitakaa kusikiliza tu. Bibi Veronika akanigeukia.

"Leo tunaanza na mgeni. Kwenu Lindi, nani anakusubiri?"

Wakuu, mimi nimeuliza watu maswali kama hayo mchana kutwa. Sikuwahi kuulizwa. Mama yangu alishafariki, na nyumba yake ina wapangaji. Nikafungua mdomo, yakatoka machozi.

Hakunibembeleza. Akanisogezea ungo.

"Chambua huku unalia. Maharage hayajali."

Nikachambua, nikalia, nikawaeleza kuhusu mama. Tulipomaliza walinipa maziwa mgando na nafasi ya kulala.

Daktari ameyaandika hayo yote kwenye maombi mapya. Majibu bado.

Nilichojifunza: watu wanaweza kuendelea bila ruzuku, lakini kuna jambo haliwezi kuanza mpaka mtu atumwe kwenda kuuliza. Kumtuma huyo mtu ni kazi ya serikali pia, hata kama anachorudi nacho hakiwekwi kwenye mizani.

Mliowahi kufanya fildi, mliowahi kuhojiwa, na nyie mnaokaa kwenye kamati, karibuni mseme. Ila kama una bibi kijijini, mpigie kwanza. Uzi utakusubiri.