Shangazi Kahaso na Sahihi ya Kumi

“Shangazi, kwani ukikosea, nani anakwambia?”

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la nne, yeye akinipigia pasi sare ya shule kwetu Kakuyuni. Alikuwa ametoka kunieleza kazi yake, tiba ya maigizo. Mtu akishindwa kulisema jambo lililomwumiza, yeye humsaidia aliigize kidogo kidogo, mpaka aweze kulibeba. Nikashangaa. Fundi wa nguo akikosea, suruali inabana, unamrudishia. Je, yeye?

Pasi ilisimama pale pale hadi nikanusa kola ikiungua.

Tangu hapo sikumwona akikaa kitako, au labda ndipo nilipoanza kumtazama. Alikuwa amesomea kazi hiyo mbali, akarudi akajikuta peke yake. Mama mmoja alimletea kuku, akamwuliza pepo wake anataka ngoma gani. Hospitalini walidhani ni mchekeshaji wa watoto. Basi akaanza kutafuta wenzake. Leo Kilifi, kesho Malindi, keshokutwa Marereni. Chai anaiteleka jikoni, inachemka, inamwagika, yeye yuko nje na simu sikioni anazunguka tangi la maji.

“Kahaso, keti basi, wanitia kizunguzungu,” baba alimwambia.

“Nikiketi nitafikiri, kaka.”

Miaka mitatu ikapita ndipo akapata watu tisa. Wa kwanza alikuwa Bi Jedida, mshauri nasaha aliyekuja Malindi kutoka bara, mtu wa kicheko kikubwa. Wa mwisho alikuwa Ziro, mwalimu wa Marereni, ndiyo kwanza amemaliza mafunzo ya tiba hii. Pamoja na shangazi wakawa kumi, na fomu ya kusajili chama chao ilitaka sahihi kumi. Si tisa.

Walikutana Gede, katika chumba cha kukodi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Walikuwa na desturi yao: kabla ya mambo mengine, mmoja wao huonyesha kazi inayomsumbua ili wenzake wamkosoe. Hasomi ripoti. Anaigiza. Jina la mgonjwa halitajwi, na wao waliona hiyo yatosha.

Siku ya kutia sahihi, zamu ilikuwa ya shangazi. Nimeyapata kwa Bi Jedida, ambaye hawezi kusimulia bila kusimama. Shangazi alimwigiza mzee aliyekuwa mfanyakazi wa chumvini. Akaburuta mguu wa kushoto. Akavua kofia, akaipangusia goti. Akakohoa kikohozi kifupi kabla ya kila neno, kisha akasema kwa sauti ya yule mzee kwamba mguu haumwumi hata kidogo. Anaogopa tu. Tangu mwenzake afe kazini, akiliona beleshi anatetemeka.

“Tulikuwa tunalia,” Bi Jedida alisema. “Alikuwa hodari, huyo shangazi yako. Ndiyo ilikuwa balaa.”

Ziro aliweka kalamu chini. “Huyo ni mjomba wangu.”

Akasimama.

“Nyumbani twajua ni mguu. Miaka miwili twamkanda mguu! Dada Kahaso, mimi sitii sahihi kwenye chama cha kuanika watu.” Akatoka.

Juma zima shangazi alifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Aliikunja fomu, akaikunjua. Sahihi zilikuwa tisa. Hatimaye akaenda Marereni kwa yule mzee, nimwite Mangi, maana ameniruhusu niandike kwa sharti nimbadilishe jina. Ziro pia si Ziro. Na huenda kilichoburutwa si mguu.

“Shikamoo, baba. Nimekuja kukiri kosa.”

“Marahaba. Nasikia uliniigiza.”

“Ndiyo, baba.”

“Nilitoka vipi?”

“Vizuri mno.”

“Hebu nionyeshe.”

“Siwezi tena, baba.”

Mzee Mangi hakucheka. “Ziro amekuja hapa, ananitazama mguu kisha ananitazama uso. Mimi ndiye niliyetaka kumwambia, siku ya kuchagua mwenyewe. Wewe umeniwahi.” Shangazi akaanza kuomba radhi, mzee akamkata. “Matibabu nayataka. Lakini kwako sirudi. Si umesema mko wengi sasa? Nipe mwingine.”

Akampeleka kwa Bi Jedida. Njia nzima ya kurudi, shangazi aliniambia, alijua kwamba miaka mitatu nyuma mzee huyo asingekuwa na pa kwenda.

Ziro alirudi mwezi uliofuata na karatasi yenye kanuni moja: katika mikutano mtu asiigizwe, kiigizwe kitu chake. Tangu hapo, anayeonyesha kazi huwa beleshi, au kofia, au mlango, na husema kile ambacho hicho kitu kimeona. Kanuni ikapita. Ziro akatia sahihi. Huku akiwa amenuna, lakini akatia.

Sasa niko kidato cha tatu. Majuzi shangazi alirudi kutoka Gede, akatupa mkoba, akazunguka meza mara mbili, akasimama mbele yangu.

“Uliwahi kuniuliza nikikosea nani ananiambia. Ni watu tisa, mwanangu, na hawana huruma. Leo wameniambia mara mbili. Kila nikitoka huko natamani niwe peke yangu tena, halafu kesho yake mimi ndiye wa kwanza kuwapigia simu.”