Mpangaji Mwenye Mbwa Asiyebweka

Wapangaji nimewaona wengi, na wengi wao utamu wao ni wa siku ya kwanza tu. Étienne, fundi baiskeli kutoka upande wa Komanda, alikuja hana hata utamu huo. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka wa 2003, risasi zimeanza kupungua Bunia. Alisimama mlangoni pa parsele yangu, kiwanja changu na nyumba zake, hapa mtaa wa Mbunya, na nyuma yake mbwa mwekundu, mkia umejikunja mgongoni.

“Mama Solange, nasikia uko na nyumba ya kupangisha. Ni ya siye wawili, miye na bibi yangu Élise.”

“Na ile mbwa?”

“Iko yangu, mama.”

“Basi, nyumba hakuna.”

Sikuona aibu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakati wa vita unajifungia ndani, unazima moto, wenye bunduki wanadhani hakuna mtu; mbwa akibweka mara moja, amekwisha kukuuza. Wangu nilimfukuza kwa mawe, kwa mkono wangu huu, na nilimpenda sana.

Étienne hakuondoka. Nyumba tano zilikuwa zimemkatalia, na mkewe Élise alikuwa analala chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi, karibu na uwanja wa ndege, akikohoa.

“Hii mbwa habwekake, mama. Ni mbwa ya wawindaji. Siku tisa tulijificha mu pori, ni ye alikuwa anatukamatia panya. Sasa nimufukuze juu ya kupata nyumba?”

Nilikasirika, maana alinigusa palepale panaponiuma.

“Nakupa wiki moja. Akibweka mara moja tu, mutatoka wote watatu!”

Wakahamia. Nami nikaanza uchokozi. Nikagonga sufuria karibu na sikio la mbwa. Nikamwachia jogoo mbele ya pua. Siku ya nne nikavaa koti na kofia ya marehemu mume wangu, nikaingia kwa kunyata kama mwizi. Mbwa akaninusa, akanilamba vidole. Élise alicheka mpaka kikohozi kikamrudia, na mimi nikacheka naye. Sikuwa nimecheka hivyo tangu wanangu wapande mtumbwi Kasenyi kukimbilia Uganda.

Wiki ikaisha bila hata mlio mmoja. Étienne akaja, kofia mkononi.

“Mama, tubaki ao tutoke?”

Nilipaswa kufurahi. Lakini mbwa alikuwa anapita uani bila kusikika, nikaona parsele yangu imenyamaza miaka mingi mno, na kimya kile kimenichosha.

“Mubaki,” nikasema. “Lakini wawindaji wanajuaka namna gani mbwa iko wapi mu pori?”

Akaingia ndani, akatoka na kengele ya mti ya shingoni mwa mbwa, aliyoichonga mwenyewe. Ilikuwa imeshindiliwa majani makavu. Njia nzima waliibeba hivyo, isije ikalia.

“Toa ile majani, umuvalishe.”

“Mama, watu watasikia.”

“Wasikie. Weye sasa uko kwako.”

Akajifuta macho kwa kofia. Kisha akaanza kuyachokoa majani kwa bisibisi yake ya baiskeli, na mimi nikamshika mbwa shingo.