Siku Jua Lilipotua Mara Mbili Nyaramba

Wiki jana mwalimu wa Jiografia alinitoa darasani kwa kosa la kucheka. Alikuwa ubaoni akichora vilima, akieleza kwamba kwenye nchi ya milima jua halitui kwa watu wote kwa wakati mmoja: wa bondeni wameshawasha taa, wa juu bado wanaanika mahindi. Darasa zima likaandika. Mimi nikacheka mpaka kalamu ikaniponyoka.

"Kuna nini cha kuchekesha kwenye jua?" akauliza.

Sasa ningemwambia nini, rafiki yangu? Kwamba somo hilo nililimaliza nikiwa na miaka kumi na miwili, na aliyenifundisha alikuwa joka lenye vichwa vitatu? Nikatoka mwenyewe kabla sijasukumwa. Nilisimama nje ya dirisha kipindi kizima, nikikumbuka kila kitu, na nilikuwa na raha kuliko waliokuwa ndani.

Likizo zote za Desemba nilikaa kwa nyanya yangu, bondeni, chini ya mlima ambao juu yake kuna soko la Nyaramba. Asubuhi tulichuma chai. "Majani mawili na chipukizi," nyanya alisema kila siku, kana kwamba nilizaliwa jana, "usiniletee kichaka." Mchana tulikula ugali na chinsaga, ile mboga chungu ambayo ukiwa mtoto unaimeza ukifikiria mambo mengine, na ukiwa bwenini unaiota. Kisha nabebeshwa kikapu kupanda nacho mpaka kituo cha kupimia chai.

Sikia sasa kuhusu kile kituo. Lori la kiwanda likisema litakuja saa nane, ujue ni saa kumi. Likisema saa kumi, njoo na blanketi. Watu wazima hawana muda huo. Walipanga vikapu foleni, kikapu kinasimama badala ya mtu, wakarudi kwa ng'ombe wao na kutuachia sisi watoto kulinda. Kulinda chai ni kazi ya kuigeuzageuza isipate joto na kubadilika rangi, basi. Saa mbili nzima, watoto tisa, mvua ikigonga mabati, mahindi ya kuchoma yakizunguka kutoka mkono hadi mkono. Lazima vita vitokee.

Vita vyetu vilikuwa kwenye simu. Ulikuwa mchezo wa falme: kila mmoja ana ngome, ana kisima cha uchawi, ana majitu yasiyo na akili na joka moja ambalo yai lake linachukua siku mbili kuanguliwa. Tulishambuliana likizo nzima, na mtu akivunjiwa mnara wake amekwisha mpaka likizo nyingine. Mimi nilitumia simu ya nyanya, ambayo mjomba alimnunulia asikilize kwaya za kanisa. Mpaka leo hajui kwamba kati ya kwaya na mahubiri humo ndani kulikuwa na jeshi.

Lakini utamu wenyewe haukuwa kupigana. Utamu ulikuwa baada ya vita. Tulikuwa na sheria moja tuliyoiheshimu kuliko amri za shule: vita vikiisha, siri zinakwisha. Mshindi na mshindwa wanakaa chini, uso kwa uso, wanachora ramani kwenye vumbi la kituo. Majani ya chai ndiyo askari, kokoto ndiyo majitu, ganda la ndizi ndilo joka. Mshindwa anauliza lolote, mshindi anajibu ukweli. Ulipitia wapi? Ulijuaje nina dhahabu kidogo? Kwa nini ulingoja? Tulipiga kelele pale mpaka karani wa chai, aliyekuwa akinoa penseli yake kando ya mizani, akasema, "Mkipigana kweli, nawapima na nyinyi nawatia kwenye lori."

Na bingwa, jina lake liliandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa kituo.

Likizo tatu mfululizo jina lile lilikuwa moja: la binti wa mama samaki. Mama yake alitoka upande wa ziwani, aliuza omena na mbuta sokoni, na walipanga nyumba juu kabisa mlimani. Simu ya binti ilinuka omena hivi kwamba akiishika kituoni, paka wa karani anakuja kukaa mapajani mwake kama mshauri wa vita. Nilimwita Malkia wa Omena. Yeye aliniita Bondeni. Na alinipiga, manze, alinipiga kama ngoma.

Alikuwa na mbinu moja, na ingawa alitueleza waziwazi baada ya kila ushindi, hakuna aliyeiweza. Tuliiita mtego wa fuko. Umewahi kuona mtu akitega fuko kwenye shamba la ndizi? Hamfukuzi. Anaacha shimo likiwa wazi, anainamisha kijiti chenye kitanzi, anakwenda kunywa uji. Fuko anajileta. Huyu msichana aliacha lango la ngome yake wazi, ameyaficha majitu msituni, halafu wewe na joka lako la fahari unaingia ukiimba.

"Umeingia tena?" alikuwa akiniuliza juu ya ramani ya vumbi. "Bondeni, si nilikuambia likizo iliyopita kuna nini humo?"

"Nilidhani umebadilisha."

"Nibadilishe kwa nini na wewe hujabadilika?"

Ule mwaka ninaokusimulia, habari zilienea kwamba mama samaki anarudi ziwani Januari pamoja na familia yake. Kwa hiyo Desemba ile ilikuwa ya mwisho. Wiki ya mwisho tulibaki wawili tu, mimi na yeye. Saba wengine minara ilishaanguka. Nisipomshinda wakati huo, nitakufa nikiwa fuko.

Sasa hapo inaingia Sabato. Katika watoto tisa, sita tulikuwa Waadventista, yeye pia. Watatu Wakatoliki. Tulikuwa na mapatano: hakuna kumshambulia mtu akiwa Sabato, kuanzia jua la Ijumaa linapotua mpaka la Jumamosi litue. Wakatoliki nao walipewa asubuhi ya Jumapili mpaka padri awaruhusu kwenda. Mapatano mazuri sana, hata mataifa makubwa hayana. Yalikuwa na tundu moja tu: hayakusema jua la nani.

Kwa nyanya, simu iliingia kwenye mkebe wa sukari Ijumaa mapema, maana kwetu bondeni jua linajificha nyuma ya mlima watu wengine wakiwa bado na mchana. Nyanya hakuamini saa. "Jua likiingia nyuma ya mlima, limeingia," alisema, "mambo ya redio ni ya redio." Jumamosi vilevile. Jua likigusa mlima tunaimba wimbo mmoja, anaomba sala ndefu ambamo kila mjukuu anatajwa na makosa yake, halafu mkebe unafunguliwa.

Jumamosi ile, saa kumi na mbili kasoro, mkebe ukafunguliwa. Nikatazama ngome ya Malkia wa Omena. Lango wazi kama kawaida. Lakini majitu msituni yalikuwa yamelala! Mwenyewe hajayaamsha. Nikatuma joka. Likapita langoni, likapita uani, likapita kisimani, hakuna aliyelipiga hata kofi. Dakika saba. Mnara ukaanguka.

Nilipiga ukelele, kuku wakaruka kutoka kwenye mti. Nyanya akachungulia. "Omwana one, mwanangu, Sabato imekwisha au ni akili zako?"

Kesho yake Jumapili, kwa kuwa chai ilikuwa nyingi, lori lilikuwa lije. Nilipanda ule mlima na kikapu kichwani kama mtu aliyebeba taji. Wote tisa tulikuwapo, hata Wakatoliki walikimbia kutoka misa na viatu mkononi. Binti wa mama samaki alikuwa ameshachora ramani. Amekaa, paka mapajani.

"Keti," akasema. "Uliingia saa ngapi?"

"Jua lilikuwa limetua."

"Kwetu lilikuwa halijatua. Mama alikuwa bado hajafunga Biblia. Simu ilikuwa juu ya kabati."

Kituo kikalipuka. Mmoja anasema ni wizi, mwingine anasema jua ni la Mungu, Mkatoliki mmoja anasema ndiyo maana wao wanasali asubuhi. Karani akaacha penseli. Alikuwa mtu wa haki, alikata kilo za maji ya mvua kwenye chai ya watu bila kuangalia uso. Akasema, "Kila mtu Sabato yake inaisha jua lake linapotua. Huyu alikuwa bondeni. Hakujua. Ushindi ni wake."

Wakashangilia. Mtu akaokota kaa la moto uliozimika. Na mambo yangeishia hapo, rafiki yangu, hadithi ingekuwa imekwisha na mimi bingwa halali. Lakini yule msichana aliinua mkono. Mshindwa ana haki ya kuuliza.

"Ulijua?"

Neno moja. Kokoto zake zilikuwa pale msituni, zimepangwa vizuri, na niliona alichokuwa amepanga: dakika tano baada ya jua lake kutua angefunga lango na kunipiga huko kwangu, maana joka langu lingekuwa safarini kuja kwake. Ulikuwa mpango mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga. Nilitamani kusema sikujua. Karani alishanisemea. Lakini sheria ni sheria, na kwenye lile vumbi hakuna aliyewahi kudanganya, hata mimi, ambaye mahali pengine pote nilidanganya kama kazi.

"Nilitoka nje kwanza," nikasema. "Nikaangalia juu. Mabati ya nyumba yenu yalikuwa yanang'aa. Nilijua."

Kisha binti wa mama samaki akacheka. Alicheka mpaka paka akamkimbia, akajipigapiga mapajani, akasema, "Woi, Bondeni! Umetega fuko!" Akajifuta macho. "Lakini mimi ningekuwa wewe ningenyamaza."

Akachukua kaa mwenyewe. Akaandika jina langu ukutani, herufi kubwa, na chini yake akaongeza: *jua lilikuwa bado*. Karani akasoma, akatikisa kichwa, akasema huo ndio uzito halisi, baada ya kutoa maji.

Januari walihama. Kituo kilipakwa rangi ya kijani, ukuta umekuwa safi kama karatasi ya mtihani wangu wa Hesabu. Ule mchezo ulifungwa na kampuni iliyoutengeneza, ngome zote zikaondoka na majitu yakiwa ndani. Siku hizi foleni ya vikapu bado ipo, ila kila mtoto anaangalia simu yake akiwa peke yake.

Mimi pia nacheza nikiwa likizoni, mchezo mwingine, na watu wa mbali nisiowajua. Nikishindwa, aliyenishinda anatoweka kabla sijauliza alipitia wapi. Desemba iliyopita nilimpiga mtu mmoja vibaya sana, mtego wa fuko, safi kabisa, lango wazi na kila kitu. Nikamwandikia haraka: "Unataka nikuambie nilivyofanya?"

Akawa ameshaondoka. Nikabaki nimekaa kwenye kiti cha nyanya na mbinu nzuri mkononi, nikimtafuta mtu wa kuniuliza.